Mwalimu Mligo Hana Baridi

Usiku ule nilipanda kitandani nimevaa kila nguo ninayomiliki, maana baridi ya Njombe mwezi wa saba inagandisha salamu kabla haijamfikia mtu. Haya, napunguza: nilivaa koti na soksi. Kupunguza nilifundishwa na mwalimu wangu, Mungu amrehemu, na kwa kuwa ni habari zake ninazosimulia, nitajitahidi. Nilivuta blanketi, nikageukia ukutani, nikawa namsikia mke wangu Hilda akipumua taratibu. Kichwani nilikuwa na jambo moja. Asubuhi, ukoo wa Mwalimu Mligo ungekuja kituoni kwetu kuchukua damu yake wakaizike.

Nianze na hilo kwanza, maana nikikimbilia ndoto mtapotea njiani.

Nafanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kisukari hapa mjini. Kazi yangu ni kulinda friza. Si friza la samaki, jamani. Hili ukiligusa bila glavu, wewe unaondoka, ngozi ya kidole inabaki. Humo tunatunza vichupa vidogo kama kifuniko cha kalamu, vya damu na mkojo wa watu ambao wamekuwa wakija kwetu mwaka hata mwaka tangu utafiti uanze. Mtu anakuja asubuhi hajanywa hata chai. Anatolewa damu, anapigwa picha ndani ya macho, anavua viatu, anafumba macho, na muuguzi anamgusa nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki. "Nimekugusa wapi?" Kama anahisi, anasema. Kama hahisi, anakaa kimya na sisi tunatazamana. Kisha damu inazungushwa kwenye mashine, maji yake ya juu yanatiwa vichupani, vichupa vinapewa namba, na namba zinakuja kwangu.

Kwa nini tutunze damu yote hiyo? Daktari Anyesi, mkubwa wetu wa kazi, alinieleza siku niliyoanza, nami nimewaeleza watu tangu hapo mpaka mate yakanikauka. Watu wawili wana sukari ileile, wanameza dawa zilezile. Miaka inapita, mmoja bado anapalilia viazi vyake, mwenzake haoni, au figo zimechoka, au mguu umekatwa. Kwa nini huyu na si yule? Huenda kulikuwa na kitu kwenye damu ya yule, kidogo, kimya, kilichokuwa kinabadilika miaka mingi kabla macho hayajamsumbua. Kitu hicho hukipati kwenye damu ya leo. Unahitaji damu ya zamani ya mtu ambaye leo unajua yaliyompata. Ukishakitambua, mwingine atakayekuja nacho utamshika mapema, kabla hajapoteza kitu.

Na kwa damu ya zamani, hakuna aliyemfikia Mwalimu Mligo. Alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati siku utafiti ulipofunguliwa, na hakukosa mwaka hata mmoja. Nusu ya watu wa upande wa kwao aliwaleta yeye, nyumba kwa nyumba. Tulikuwa na damu yake ya enzi anasoma gazeti bila miwani, ya wakati macho yanafifia na anafundisha kwa kichwa tu, ya wakati figo zinagoma, mpaka ile ya mwisho, ambayo muuguzi alimfuata kitandani kuichukua.

Kwangu mimi alikuwa zaidi ya namba. Mchana nilikuwa nabeba magunia ya viazi sokoni, jioni nakwenda shule ya usiku, nina ndevu na watoto, nakaa kwenye benchi la darasa la kwanza magoti yakinigonga kidevu. Yeye ndiye aliyetufundisha. Insha yangu ya kwanza niliandika kwamba babu yangu aliua simba watatu kwa ngumi. Alinirudishia na neno moja la wino mwekundu pembeni: *Punguza*. Nikabakiza simba mmoja. *Punguza*. Mwisho wa yote babu yangu alikuwa amemfukuza fisi kwa fimbo, na Mwalimu akanipa alama zote. "Sasa," akasema, "nimemwona babu yako." Cheti changu cha kidato cha nne kipo ukutani kwa sababu ya mtu huyo. Na hii kazi ya friza, yeye ndiye aliyemwambia Daktari, "Mchukueni Shukuru. Ana maneno mengi, lakini hachoki."

Sasa hayo maneno mengi ndiyo yaliyoleta balaa.

Siku ya msiba, Mama Neema, mke wake, alikaa mkekani macho makavu. Halii, hali, hasemi. Nilitaka kumfariji. Nikasimama katikati ya watu, nikapaza sauti kama nahutubia uwanja wa mpira: "Mama, usihuzunike! Mwalimu hajafa kabisa! Damu yake iko kwetu kituoni, iko hai kabisa, inazungumza mpaka leo!"

Wapo waliopiga makofi. Nami nikakaa, nimejaa kama puto.

Kumbe Mama Neema alilishika neno langu kama lilivyo, na ukoo nao ukalishika. Msiba ukawa hauishi. Kitambaa cheusi akagoma kukivua. Angekivuaje, wakati mume yuko nusu kaburini na nusu kwenye friza la Shukuru?

Mchana wa siku ile niliyoota, alikuja kituoni na shemeji yake, Mzee Lukas, mdogo wa marehemu. Neema, binti yao wa pekee, alibaki nje kwenye benchi.

"Kamwene, Mama."

"Kamwene, mwanangu." Akafungua kanga, akatoa sweta la kijani, jipya, alilolifuma mwenyewe. Akaliweka mezani kwangu. "Mpelekee."

"Nani, Mama?"

"Mwalimu. Ananijia usiku anatetemeka. Haongei, anatetemeka tu mpaka kitanda kinatikisika. Mmemweka kwenye baridi gani, nyie watu?"

Nililivuta sweta karibu yangu.

Mzee Lukas akasogeza kiti. "Mtu wa friji, si wewe uliyesema kaka yangu yuko hai? Tena mbele ya ukoo mzima na mchungaji?"

"Baba, nilisema tu kwa..."

"Ulisema tu! Sikiliza. Kama yuko hai, tunamtaka nyumbani. Kama amekufa, tunamtaka kaburini. Hatuwezi kuwa na mtu yuko nusu nusu, ukoo wetu haujazoea hivyo."

Daktari Anyesi alikuwa mlangoni. Akaja akakaa, akawasikiliza mpaka mwisho. "Mama, utaratibu wetu unasema hivi. Familia ikitaka vichupa vitolewe, vinatolewa. Sitawabishia. Njooni asubuhi, mtakabidhiwa vyote."

Walipotoka, Daktari alisimama dirishani. "Vya Mwalimu vikitoka," akasema, "aliowaleta nao watatoka. Watasema mke wake mwenyewe amekataa. Utafiti upande ule utakuwa umekwisha, Shukuru. Na sasa ndipo tulikuwa tunataka kuanza kuipima ile damu ya zamani." Halafu akanyoosha kidole kule nje. Neema alikuwa anasoma ujumbe kwenye simu, ameileta karibu na pua. "Yule ana sukari kama baba yake. Hatujui ataelekea wapi. Jibu, kama lipo, linaweza kuwa kwenye vichupa hivyo."

Alisema *kama lipo*. Daktari anapunguza bila kufundishwa.

Sweta sikuweza kulitia kwenye friza, wala sikuweza kulikataa. Nikaenda nalo nyumbani. Na njia nzima nilikuwa natunga hotuba. Nilijiambia, kesho nitawasimamisha palepale getini, nitawamwagia maneno ya kuyaliza mawe, nitawaambia damu ya Mwalimu ni nyota, ni bendera, ni taa ya taifa zima. Nililala nayo mdomoni hotuba hiyo.

Sasa ndoto.

Nilikuwa nimesimama mbele ya friza na king'ora kilikuwa kinalia. Umeme ulikuwa umekatika. Nilijua hivyo bila kuambiwa, kama mambo yanavyojulikana usingizini. Nikashika mpini, nikavuta. Mlango ukafunguka polepole, ukungu mweupe ukatoka ukanifunika miguu, kiuno, kifua. Nikasubiri uniume. Haukuniuma. Nikavuta pumzi, na ukungu ule ulinuka chaki.

Naingia. Ndani hakuna rafu wala vichupa. Ndani ni darasa letu la shule ya usiku, lakini jua ni la saa sita mchana, linaingia madirishani na kulala sakafuni. Mabenchi yamejaa. Ni watu wetu wa utafiti, walio hai na waliokwisha kutangulia, wamechanganyika na hakuna anayeshangaa. Wote wako pekupeku. Viatu vyao vimepangwa ukutani. Wametulia kama watu ambao hawajanywa chai na wanajua zamu yao itafika.

Mwalimu yuko ubaoni, ametupa mgongo. Amevaa shati jeupe la mikono mifupi. Anafuta ubao, na vumbi la chaki linaanguka taratibu.

"Umechelewa, Shukuru," anasema bila kugeuka.

"Nilikuwa nalinda friza, Mwalimu."

"Kaa."

Nakaa. Benchi ni lilelile, magoti yananigonga kidevu. Mbele kabisa yupo Neema. Amekunja uso, amevuta shingo, anasoma kitu ubaoni. Natazama nami. Mwalimu ameandika, lakini maandishi ni madogo mno, ni vidoa tu vyeupe vinavyotembea.

Nataka kuuliza ameandika nini. Nikifungua mdomo, benchi si benchi tena. Ni kitanda cha kituoni, na mguu wa Mwalimu uko juu ya goti langu, na mkononi nina ule uzi wa plastiki.

Nikaujua mguu ule. Niliuona ukiwa hai. Siku moja aliingia kituoni akacheka na kila mtu, akavua kiatu, kikadondoka kifuniko cha soda kilichokuwa kimemkata. Alikuwa ametembea nacho tangu nyumbani, hana habari. Muuguzi alilia. Yeye alimwambia, "Usilie, binti, andika." Kwa hiyo sasa naogopa kumgusa. Naogopa ule ukimya wake.

Amefumba macho. Namgusa kisigino.

"Hapo," anasema.

Namgusa chini ya kidole gumba.

"Hapo."

Namgusa ukingoni, polepole, kama unyoya.

"Hapo. Na hapo, bwana, unanitekenya."

Anacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko kile, kinaanzia tumboni na kuchelewa kufika. Nashika mguu kwa kiganja chote. Una joto. Una joto kama kiazi kilichotoka jivuni sasa hivi, na hapo sipunguzi kitu.

"Mwalimu," nasema, "Mama Neema amekuletea sweta."

Sweta liko mkononi mwangu, sijui limetoka wapi. Analipokea. Analigeuza, anapitisha vidole kwenye mishono, anaitambua kazi ya mkono wa mtu. Kisha anasimama, ananizungushia mimi mabegani, anaifunga mikono ya sweta shingoni kwangu kama anavyofungwa mtoto anayepelekwa shule.

"Mimi sina baridi," anasema.

Na kitanda kile kimekuwa kitanda kingine. Ni chumbani kwao. Sijawahi kuingia chumba hicho maishani mwangu, lakini nimesimama mlangoni. Mama Neema amelala ukingoni kabisa, amejikunja, kitambaa cheusi kichwani. Blanketi lote limetandazwa upande wa pili, mahali pasipo na mtu, limechomekwa vizuri pembeni. Yeye hana kitu. Anatetemeka mpaka kitanda kinatikisika.

Mwalimu yuko kando yangu. Hatuingii. Tunatazama tu.

"Mwambie avute blanketi," ananong'ona.

Halafu tuko darasani tena. Jua limesogea kidogo sakafuni. Mwalimu anapita kati ya mabenchi na rundo la karatasi mikononi, na karatasi zina ukungu wa barafu pembeni. Naona mwandiko wake kwenye kila moja. Zilizo chini umenyooka. Kadiri zinavyokuja juu, mistari inapanda na kushuka, herufi zinagongana, kwa sababu mwandishi haoni tena anapoandika. Anaziweka mbele yangu.

Hapo nakumbuka hotuba yangu. Nasimama. Nashika kola.

"Mwalimu," naanza, "damu yako ni nyota! Inang'aa juu ya taifa, inaishi, inanguruma, inazungumza na vizazi..."

Anachomoa kalamu nyekundu mfukoni. Anapiga mstari hewani, mbele ya uso wangu, na maneno yangu naona yamekatwa.

"Punguza."

Watu wa mabenchini wamegeuka wote.

"Damu yako iko hai, Mwalimu."

"Punguza."

"Damu yako... ipo."

Anasubiri. Kalamu iko palepale. Ninajua anachosubiri, na sitaki kukisema. Mimi ambaye nimesema kila kitu duniani, hilo moja sikuwahi kulitoa mdomoni, hata siku ya mazishi.

"Na mimi, Shukuru?"

Nikatazama viatu ukutani. Nikatazama mikono yangu.

"Na mimi?"

"Mwalimu," nikasema, "wewe umekufa."

Darasa zima likashusha pumzi, kama watu waliotua mzigo. Naye akarudisha kalamu mfukoni, akanitazama kwa macho yake ya zamani, yale ya enzi anasoma gazeti bila miwani.

"Hiyo ndiyo insha," akasema. "Mpelekee Mama Neema hivyo hivyo. Usiipambe."

"Na hizi?" Nilishika karatasi. Barafu ilikuwa inayeyuka kwenye vidole vyangu.

"Mitihani yangu. Nimekusanya yote. Haijasahihishwa."

Alitaka kuondoka, kisha akasita. Akatazama mstari wa mbele, pale Neema alipokuwa bado amekunja uso, amevuta shingo, uso wake umekaribia kugusa ubao.

"Neema anaona ubaoni?" akaniuliza, kwa sauti ndogo, sauti ya mzazi si ya mwalimu.

"Sijui, Mwalimu."

"Na mimi sikujijua."

Kengele ikalia. Au king'ora cha friza, au jogoo wa jirani, sijui. Watu wakainuka, wakaenda kuchukua viatu vyao, kila mtu akavaa vyake. Nikataka kumfuata, nikaona aibu kuondoka bila kuaga, nikanyoosha mkono juu kama mtoto. "Naomba ruhusa, Mwalimu! Naomba ruhusa!"

"Ruhusa ya kwenda wapi, baba? Nenda, nani kakuzuia?"

Alikuwa Hilda. Kumepambazuka. Mkono wangu ulikuwa juu, na shingoni kwangu, jamani, lilikuwepo lile sweta la kijani.

Moyo ulitaka kutoka kwa mguu wake mwenyewe. "Hili limefikaje hapa?"

"Nimekuvika mimi. Umetetemeka mpaka kitanda kinatikisika, na blanketi umelisukumia kwangu lote." Akanitazama vizuri. "Wewe unalia?"

"Silii," nikasema. Kisha nikapunguza. "Kidogo."

Sikungoja chai. Nilinawa uso, nikalikunja sweta, nikaelekea kwao Mwalimu kabla ukoo haujaanza safari ya kituoni. Hotuba yangu ya kuliza mawe niliitafuta njiani, nikaikuta imekwisha, imebaki mistari michache tu. Niliirudia kila hatua ili isiongezeke. Mnanijua. Nikiachiwa barabara ndefu, fisi anarudi kuwa simba.

Mama Neema alikuwa jikoni anachochea moto. Mzee Lukas tayari yuko pale, kwenye kigoda, koti la heshima, kikombe mkononi. Neema alikuwa anafagia uwanja.

"Ohoo, mtu wa friji," Mzee Lukas akasema. "Umemleta mwenyewe? Maana sioni mfuko."

"Kamwene, Baba. Nimekuja kusema na Mama."

"Sema. Ila leo usihutubie, nina kichwa kinaniuma."

Nilichuchumaa mbele ya Mama Neema ili macho yetu yalingane.

"Mama. Msibani nilisema Mwalimu yuko hai. Haikuwa kweli. Mwalimu amekufa."

Kijiti cha kuchochea kilisimama mkononi mwake.

"Rudia," akasema.

"Amekufa, Mama. Amekufa kabisa. Hakuna kipande chake kilichobaki hai kwetu."

Mzee Lukas alifungua mdomo. Mama Neema akanyanyua kiganja bila kumtazama, na mdomo ukafungwa. Akakaa chini, palepale kwenye majivu. Na yale machozi ambayo watu waliyangoja siku ya mazishi yakaja. Hayakuja kwa kelele. Yalishuka tu, naye akayaacha. Neema aliacha ufagio akaja akasimama mlangoni.

Nilingoja mpaka apumue. "Na jana nimemwota. Alivaa shati tu. Nimemshika mguu, una joto. Amesema hana baridi." Sweta nikaliweka mapajani kwake. "Amesema uvute blanketi. Unaliacha lote upande wake, kisha anayetetemeka ni wewe."

Moto ulikuwa unapasua kuni. Mama Neema akamgeukia binti yake polepole.

"Umemwambia nani habari za blanketi?"

"Mama, mimi nalala kule nyuma," Neema akasema. "Hata mimi ndiyo kwanza nasikia."

Mzee Lukas aliweka kikombe chini. Alitazama mlango wa chumba, akanitazama mimi, akavua kofia. Sina hakika kama alijua ameivua.

"Sasa vile vichupa ni nini?" Mama Neema akaniuliza. "Niambie usiongeze."

"Ni maji ya damu yake, Mama, yameganda. Hayasikii, hayahisi. Labda yatatuonyesha kitu kilichokuwemo kabla macho yake hayajafifia, ili anayekuja na kitu hicho tumuwahi. Labda hayataonyesha kitu. Daktari anasema labda, na mimi sina zaidi ya hapo. Mkitaka kuvizika, nitavitoa kwa mikono yangu na nitavibeba mpaka kaburini. Neno ni lako." Nikasita. "Yeye aliviita mitihani yake. Alisema haijasahihishwa."

"Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Alifikiri. Macho yake yalikuwa kwa Neema pale mlangoni. Neema alikuwa amekunja uso kidogo, kwa sababu ya moshi au kwa sababu nyingine. Mama alimtazama kwa muda, na niliona kwamba anamtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Hakuwahi kukosa hata mmoja?"

"Hata mmoja, Mama."

Akakifungua kile kitambaa cheusi. Akajifutia uso nacho, pande zote mbili, akakikunja, akakitia mfukoni mwa gauni. Kisha akalivaa sweta, lilikuwa kubwa, mikono ikamfunika vidole.

"Shemeji," Mzee Lukas akasema taratibu, "na watu wa kikao cha ukoo wako njiani."

"Waje. Watakunywa chai." Akanigeukia. "Wewe bado uko hapa? Nendeni mkasahihishe."

"Na Neema, Mama? Daktari angependa na yeye aanze kuja."

"Atakuja," akasema Mama Neema. "Leo hajanywa chai bado. Neema, vaa viatu."

Tukaondoka wawili. Nilikimbia kama duma mpaka kituoni.

Haya. Tulitembea haraka.